Nani Alilisha Moto? Maneno kwa vijana wa Kigoma wanaotaka kuandika hadithi za mvuke

Maneno haya niliyasema Kigoma mjini, mbele ya wanafunzi wa sekondari, walimu wao na wazee wachache waliofanya kazi reli. Wanafunzi waliniomba niyaandike. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, nimepunguza marudio tu.

Shikamooni wazee wangu. Walimu, asanteni kwa kunialika. Na ninyi wanangu, hamjambo?

Mwalimu wenu aliponipigia simu aliniambia kuwa kuna kundi la vijana hapa wanaobadilishana daftari. Mmoja anaandika sura, anampa mwenzake, naye anaongeza yake. Hadithi zenyewe zina meli zinazopaa, saa za shaba zenye roho ndani, na watoto wanaowakimbia askari juu ya paa la treni. Akaniambia, "Mimi sijui niwasaidieje, njoo wewe." Nimesoma daftari mbili kati ya hizo, na nimefurahi sana. Nimekuja kwa sababu ya furaha hiyo, na kwa sababu kuna jambo moja nililolikosa katika kila ukurasa.

Aina hii ya hadithi Wazungu wanaiita stimpanki. Jina lilianza kwa barua. Mwaka 1987 mwandishi Mmarekani K. W. Jeter aliliandikia jarida la Locus, akapendekeza neno la kuviita vitabu vyake na vya rafiki zake, ambavyo vilikuwa vinarudi kwenye karne ya 19, enzi ya boila, yale matangi ya kuchemshia maji yawe mvuke, na dohani, na kuichanganya enzi hiyo na mambo ya ajabu. Neno likashika. Siku hizi lina mavazi yake, muziki wake na michezo yake ya kompyuta. Kiini chake ni swali moja: ingekuwaje kama dunia ingeendelea na mvuke na kwenda nao mbali kuliko ilivyokwenda, mpaka angani, mpaka chini ya maji, mpaka ndani ya mwili wa binadamu?

Mimi naziita hadithi za mvuke. Hebu tusimame kidogo kwenye maneno. Babu zetu treni waliiita gari la moshi. Meli kama ile iliyolala bandarini pale waliiita meli ya moshi. Watu wa pwani wakasema stima, na jirani zetu Wakenya wamelichukua neno hilo hilo wakalifanya umeme. Lakini sisi tulishika moshi. Kwa nini moshi, wakati kinachosukuma pistoni ni mvuke? Nimelifikiria hili miaka mingi, na naamini ni kwa sababu ya mahali mtu aliposimama. Ukisimama nje, kilimani Mwanga au ufukweni Kibirizi, unachokiona ni moshi. Mvuke umefungiwa ndani ya chuma. Anayeujua ni yule aliye chini, kwenye joto, na koleo mkononi. Jina tulilolipa treni ni jina la mtazamaji, na daftari zenu pia zimeandikwa na watazamaji. Mmeona moshi, tena mmeuona vizuri. Nataka mshuke chini kwenye tanuri.

Babu yangu mzaa mama alikuwa fayamani wa reli. Wazee hapa mnajua maana yake. Vijana huenda hamjui, kwa hiyo nitaeleza. Dereva anashika usukani wa mvuke na breki, anaangalia njia, na ndiye watu wanayempungia mkono. Fayamani anachochea moto. Anarusha kuni au makaa tanurini, na si kurusha ovyo: moto lazima ulale sawa, usiwe na shimo katikati, maana hewa baridi ikipita kwenye shimo hilo presha inashuka. Jicho lake moja liko kwenye geji ya presha, jingine kwenye kioo cha maji, kinachoonyesha maji ya boila yamefika wapi. Safari nzima hivyo. Babu alikuwa na kovu hapa, kuanzia kiwiko mpaka kidole gumba, na tulipokuwa wadogo tulidhani watu wote wa reli huzaliwa nalo.

Nawaeleza kioo cha maji kwa sababu ndani yake kuna hadithi nzima. Mnajua sufuria ya maharage ikichemka kifuniko kinacheza. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke inataka nafasi ya zaidi ya lita 1,600. Ukiufunga mvuke huo usitoke, unasukuma. Ukiupa mlango mmoja tu, na mlangoni ukaweka pistoni, pistoni inakwenda. Ndiyo siri yote. Sasa, juu ya tanuri ndani ya boila kuna bamba la chuma, na juu ya bamba hilo yapo maji. Maji ndiyo yanayolipoza. Yakipungua mpaka bamba likabaki wazi, chuma kinaiva, kinalainika kama mhogo, na presha yote ya boila inatoka hapo kwa mara moja. Hakuna anayebaki kusimulia. Kwa hiyo kioo kile kidogo, chenye maji yanayopanda na kushuka kadiri gari linavyotikisika, ndicho kilichobeba roho za abiria wote waliolala kwenye mabehewa wakiota habari za Dodoma. Mwandishi anayejua hilo hahitaji kutafuta wapi pa kuweka hatari. Anamweka binti wa miaka 15 mbele ya kioo hicho, usiku, na maji yanashuka, na mto wa karibu umekauka.

Sasa tuje kwenye meli yetu, maana hamuwezi kuandika hadithi za mvuke Kigoma mkaipita.

Mnajua inaitwa Liemba. Ilijengwa na kiwanda cha Meyer mjini Papenburg, kaskazini-magharibi mwa Ujerumani, mwaka 1913, ikaitwa Graf von Goetzen kwa heshima ya gavana wao wa zamani. Waliijenga wakaikaza kwa nati na bolti tu. Halafu wakaifungua. Kila bamba, kila mbavu, kila bomba likatiwa namba na kufungwa kwenye masanduku, na masanduku hayo yalikuwa kama 5,000. Yakaja kwa bahari mpaka Dar es Salaam, yakapanda reli ambayo ilikuwa imefika Tabora mwaka 1912 na kugusa ziwa hapa Kigoma Februari 1914. Mafundi watatu wa kile kiwanda walisafiri pamoja na mzigo. Hapa, vita ikiwa imeshaanza, meli ikaunganishwa upya, safari hii kwa ribiti, vile vipande vifupi vya chuma vinavyogongwa vikiwa moto. Tarehe 5 Februari 1915 ikashushwa majini. Chombo cha mita 70 kimefika katikati ya Afrika kikiwa vipande ndani ya masanduku! Mngeliona jambo hilo kwenye kitabu cha kubuni mngesema mwandishi amezidisha.

Na ribiti, wanangu, ribiti ni kitu cha kuandikwa. Inatiwa motoni mpaka iwe nyekundu inayokaribia njano. Mmoja anaichomoa kwa koleo la kubania, anaitupa au anaipitisha. Wa pili anaipokea na kuichomeka kwenye tundu kabla haijapoa. Wa tatu anaishikilia kwa chuma kizito upande mmoja, wa nne anaigonga upande mwingine mpaka kichwa kiumuke. Ikipoa inajikunja, na kwa kujikunja inayavuta mabamba mawili yabanane hata maji yasipite. Katika viwanda vya meli vya Ulaya kazi ya kuzipasha moto na kuzirusha ilifanywa mara nyingi na vijana wa umri wenu. Tazameni mnachopewa hapo: watu wanne wasioweza kuzungumza kwa sababu ya kelele, wanaoaminiana kwa macho, wakitupiana moto. Nikisoma hadithi ya urafiki wa vijana, natamani niione kazi kama hii ndani yake, kwa sababu urafiki unaoambiwa tu kwa maneno haunishiki.

Mwaka uliofuata, 1916, Wabelgiji walileta upande wa pili wa ziwa ndege za kutua majini, zikavuka na kurusha mabomu hapa Kigoma. Ndege, juu ya Ziwa Tanganyika, wakati huo! Wajerumani walipoona wanazidiwa, tarehe 26 Julai 1916 waliizamisha meli yao wenyewe karibu na mlango wa mto Malagarasi. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi walizipaka injini grisi nzito. Mtu anayeangamiza chombo hakipaki grisi. Hawa walikuwa wanaificha, kama unavyomfunika mtoto shuka. Wabelgiji walikuja kuiopoa, ikazama tena. Waingereza wakaitoa mwaka 1924, wakakuta injini zinaweza kufanya kazi, na Mei 1927 ikarudi kwenye safari na jina jipya, Liemba, jina la ziwa ambalo Livingstone alilisikia kwa watu wa kusini huko.

Yote haya mtayapata kwa urahisi. Majina ya wale mafundi watatu yapo, jina la gavana lipo, jina la kiwanda lipo. Sasa niulizeni: nani alilisha moto?

Huku kwetu makaa ya mawe hayakuwepo, tanuri zilikula kuni. Meli ya ukubwa ule inakula msitu. Kuna mtu aliyekata miti hiyo, kuna aliyeibeba mpaka ufukweni, kuna aliyeipanga, na kuna aliyesimama chini ya sitaha akiitupa motoni. Kuna waliopasha ribiti. Majina yao sijayaona katika kitabu chochote nilichowahi kushika. Ndilo jambo nililolikosa kwenye daftari zenu pia. Meli yako, kijana uliyeandika meli inayopaa juu ya Ujiji, ni nzuri mno. Nimeiona ikipita juu ya miembe, nimesikia mabawa yake ya turubai. Lakini kurasa 40 zimepita na sijajua inakula nini. Nani yuko tumboni mwake? Amekula? Analipwa? Anataka kwenda inakokwenda?

Nitawapa kisa kingine cha vita ile ile, na hiki ndicho kilichonifumbua macho. Waingereza walitaka kupigana na Wajerumani ziwani, na hawakuwa na chombo. Mwaka 1915 wakatuma kutoka kwao boti mbili ndogo za mbao, za mita 12 kila moja, zinazotumia petroli. Kiongozi wa msafara, Geoffrey Spicer-Simson, akaziita Mimi na Toutou. Zikashushwa Cape Town, zikapanda treni mpaka Fungurume kule Kongo, na hapo reli waliyoihitaji ikaisha. Mbele kulikuwa na milima ya Mitumba. Basi zikavutwa na matrekta ya mvuke, yale mazito yenye dohani na magurudumu ya chuma, pamoja na ng'ombe, kupita njia iliyokatwa msituni na madaraja yaliyojengwa kwa magogo. Boti zikafika ziwani. Zikaiteka Kingani, meli ya Wajerumani, siku moja baada ya Krismasi ya 1915, na Februari 1916 Mimi ikashiriki kuizamisha meli yao nyingine, Hedwig von Wissmann, ambayo mpaka leo iko chini huko.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi na Wazungu kama kichekesho cha mashujaa. Mimi nilisimama mahali pamoja: matrekta yaliishiwa maji njiani. Mashine ya mvuke bila maji ni jiwe. Na huko milimani, wakati wa ukame, watu wa vijiji walikusanywa wakachota maji mbali na kuyabeba mpaka kwenye mashine. Fikirini vizuri. Mashine iliyoletwa kuonyesha nguvu za dola kubwa imesimama njiani ikisubiri mama mwenye mtungi kichwani. Siku hiyo mtoto wa mama yule hakupata maji ya kutosha, maana trekta limeyanywa. Hapo ndipo hadithi ilipo. Wahenga walisema chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Mwandishi wa hadithi za mvuke kazi yake ni kuzionyesha nyenzo hizo zikiwa na uso, jina na kiu.

Kuna kijana ameinua mkono pale, nimemwona. Anauliza kama hadithi haitakuwa nzito, maana anataka ipae. Mwanangu, itapaa vizuri zaidi. Msomaji akijua meli inakula magunia mangapi ya kuni kwa saa, kila saa inayopita anaihesabu pamoja nawe. Ukimwambia tu "injini ilinguruma, wakatoroka", hana cha kuhesabu. Mashaka anayoyapata msomaji yanatokana na kuijua hesabu.

Sasa niseme habari ya ajabu, maana hadithi hizi zina sehemu ya pili: uchawi, mizimu, majini, vitu visivyo na maelezo.

Miaka mingi iliyopita nilipeleka mswada kwa mhariri mmoja. Aliurudisha na maneno kwamba watoto wa kwetu wanahitaji vitabu vya maadili, mambo ya kubuni namna hii ni ya Wazungu. Niliumia, na niliuweka mswada ule kabatini kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Nilikuwa mdogo, sikujua kumjibu. Leo ningemjibu kwa Shaaban Robert. Mwaka 1951 Shaaban Robert alitoa Kusadikika, nchi nzima aliyoitundika angani, akaipa mipaka ya pepo na mawingu. Mwaka mmoja baadaye akatoa Adili na Nduguze, kitabu chenye majini, mji ambao watu wake wamegeuka mawe, na ndugu waliogeuzwa manyani. Maadili yamejaa humo, na ajabu imejaa humo, na vyote viwili vinakaa nyumba moja bila kugombana. Kwa hiyo mtu asiwaambie kuwa mnaazima. Fasihi ya Kiswahili ilikuwa angani kabla mimi sijazaliwa.

Ila ajabu nayo inakula. Hapa ninashikilia kanuni moja tu: kama mashine ina njaa, uchawi nao uwe na njaa. Nina hadithi ambayo sijaimaliza. Binti anaitwa Zaituni, baba yake alikuwa mpagazi wa Tabora, mmoja wa wale Wanyamwezi waliobeba frasila mbili, kama kilo 32, kutoka huko mpaka pwani, kazi waliyoifanya kwa fahari. Reli imefika, upagazi umekufa, wamehamia Kigoma. Zaituni anapitisha ribiti. Siku moja anagundua kuwa akiweka sikio kwenye chuma anasikia kinachokuja kupasuka, kabla hakijapasuka. Anawaokoa wenzake mara ya kwanza, mara ya pili. Ndipo anagundua malipo: kila akisikiliza chuma, sauti moja ya mtu inafutika kichwani mwake. Kwanza ni ya muuza mawese wa jirani, hajali. Halafu ni ya marehemu bibi yake. Sasa boila la meli linalia, ndani kuna watu 30, na sauti iliyobaki anayoipenda ni ya mama yake akimwimbia. Mimi mwenyewe sijui atafanya nini. Nimekwama hapo mwezi wa pili huu, na nakwama kwa raha.

Angalieni kuwa katika hadithi ile hakuna mtu mzima anayekuja kumwamulia. Hadithi za vijana zinataka hivyo. Wazee wawepo, wapendwe, waheshimiwe, wapokee shikamoo zao na watoe ushauri wao, lakini mlango wa mwisho auingie kijana peke yake. Nimeona kwenye daftari moja mjomba askari anatokea sura ya mwisho anawakamata wabaya wote. Mwondoe mjomba. Mpe safari ya Kasulu.

Vitu vya ajabu mnavyo vingi kuliko mnavyodhani. Ziwa lenu lina kina cha mita 1,470, na chini ya mita mia na kitu, mia mbili, maji yake hayana oksijeni. Samaki hawaishi huko. Lakini pia chuma kisicho na oksijeni hakiharakishi kuota kutu. Unaona? Mashine iliyozama huko inaweza kukaa, inasubiri. Mimi nisingelala. Nenda Uvinza: watu wamechemsha maji ya chumvi kwenye zile chemchemi kwa zaidi ya miaka 1,000. Vyungu vimepangwa, kuni zinawaka, mvuke umetanda bondeni, yote hayo kabla Mzungu yeyote hajatengeneza injini. Tulikuwa na mvuke. Tuliuacha uende zake kwa sababu tulichokitaka ni chumvi iliyobaki chini. Ingekuwaje kama mama mmoja wa Uvinza angeutega? Hadithi hiyo haina gavana wala malkia ndani yake, na ndiyo ninayotamani kuisoma kuliko zote. Kule Ufipa walisimamisha tanuri za kuyeyushia chuma ndefu kupita kimo cha mtu, zikivuta hewa zenyewe bila mvukuto. Fundi wake alikuwa fundi na mganga kwa pamoja, maana dawa ziliwekwa chini ya tanuri. Mwandishi wa London analazimika kubuni mtu wa namna hiyo.

Na Tabora msiisahau. Mwaka 1916 Wajerumani waliozingirwa na vita waliishiwa sarafu, wakazitengeneza wenyewe Tabora, za shaba kwa wingi, na za dhahabu ya mgodi wa Sekenke zenye tembo aliyeinua mkonga. Karakana ya reli ikageuka kiwanda cha pesa. Septemba mwaka ule ule Wabelgiji wakaingia mji. Sitaongeza neno, kijana wa Tabora akisikia haya atajua la kufanya.

Hata karabai, wanangu. Muulizeni mvuvi yeyote mzee wa dagaa. Unajaza mafuta ya taa, unapampu, presha inapanda, mafuta yanapita kwenye bomba la moto yanageuka mvuke, na mvuke huo ukiwaka ndio unaoufanya utambi ung'ae mweupe vile. Nilipokuwa mtoto Ujiji, usiku usio na mwezi, ziwa lilikuwa kama mji ulioelea. Kila taa ilikuwa mashine ndogo ya presha, na kando yake alikaa mtu akiipampu asilale.

Naomba mniruhusu niseme jambo moja la kuwakanya, kwa upendo. Hadithi nyingi za aina hii zilizoandikwa Ulaya zinaipenda mno enzi ile. Kofia ndefu, miwani ya shaba, magurudumu yenye meno yaliyobandikwa kwenye kila kitu hata kama hayazungushi chochote. Ni pambo, na pambo halina ubaya. Ila enzi ile kwetu sisi haikuwa pambo. Jina la Kariakoo limetoka kwenye kikosi cha wapagazi wa vita vya Waingereza, na wengi wao hawakurudi makwao. Mwaka 1893, kabla ya reli, Mtemi Isike wa Unyanyembe alipoona ngome yake inaingiwa na Wajerumani aliwasha baruti akajilipua asishikwe. Ukiandika enzi hiyo na ukamfanya askari wa mkoloni kuwa kijana mtanashati tu mwenye bastola ya mvuke, umesimama tena nje unaangalia moshi. Sisemi msiandike furaha. Babu yangu aliipenda injini yake, aliipangusa kila pembe, aliijua kwa sauti. Mtu anaweza kukipenda chuma na kukichukia kilichomleta. Mkiweza kuviandika vyote viwili katika moyo wa mhusika mmoja, mtakuwa mmefika mahali ambapo wengi wetu wakubwa hatujafika.

Na mashine yenyewe haibaki ya bwana wake wa kwanza. Meli iliyoletwa kwa vita, mwaka 1997 ilibeba wakimbizi maelfu kwa maelfu kuwarudisha Kongo, na mwaka 2015 ilikwenda Kagunga kuwachukua Warundi waliokwama ufukweni. Najua humu ndani wapo ambao mama zao waliipanda. Sitawauliza. Lakini mkitaka kujua chuma cha mwaka 1913 kinavyoweza kubadilika moyo, hamna haja ya kwenda kwenye uchawi.

La mwisho ni lugha, na hapa nitakuwa mfupi. Msiogope maneno ya mafundi. Boila, pistoni, geji, vali, nati, ribiti, spana, karakana, fayamani: haya ni maneno ya Kiswahili, yamelala kwenye midomo ya watu wa mji huu zaidi ya miaka 100. Kijana mmoja ameandika "kifaa cha kupimia msukumo wa mvuke". Andika geji. Fundi akisoma atakuamini, na msomaji asiyejua atajifunza kwa kumwona mhusika anaigonga kwa kidole ili mshale usogee.

Nimeleta daftari moja kubwa, ninaliacha kwa mwalimu. Nataka likizo hii kila mmoja aende kwa mzee mmoja, wa reli, wa bandari, wa karabai, wa chumvi, yeyote aliyewahi kulisha moto wa mashine au aliyemjua aliyelisha, aandike humo jina lake, kazi yake, na kitu kimoja ambacho mikono yake ilijua kufanya. Wazee mlio hapa mnaweza kuanza leo, kabla hamjaondoka. Hadithi zenu zitakapokosa mtu wa kumweka tumboni mwa meli, mtafungua humo.

Ukurasa wa kwanza nimeujaza mimi. Nimeandika jina la babu, na mistari miwili. Kwamba alijua kwa kusikiliza tu, bila kutazama geji, wakati presha imetosha kupanda mlima. Na kwamba asubuhi, treni likisubiri njia, alikuwa akiosha koleo lake, akalipaka mawese, akakaanga mayai mawili juu yake mlangoni mwa tanuri, moja lake na moja la dereva.